Nimenunua darubini hapa Lindi, lakini mwezi unatoka mweupe tupu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga picha wa harusi na ngoma hapa Lindi mjini. Nimepata darubini ya mtumba, ya kioo, imeandikwa 114/900 (upana wa kioo na urefu wa fokasi, kwa milimita). Ina stendi yenye kile chuma cha uzito, lenzi tatu za kuangalizia (milimita 25, 10 na 4) na Barlow ya 2x, yaani lenzi ya kuongeza ukuzaji mara mbili. Mwezi mpevu uliopita nilishuka ufukweni nikausubiri utoke baharini. Kwa simu nilipata duara jeupe, ndani hamna kitu. Nilipofunga kamera yangu ya DSLR ndiyo kabisa, picha haikazi, fokasi inagota ndani. Je, darubini ni mbovu? Nitafute kubwa zaidi, au ninunue mota ya kufuata mwezi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Darubini yako si mbovu, na kwa sasa usinunue chochote zaidi ya kishikio cha simu. Kioo cha milimita 114 kinatosha kukuonyesha mashimo ya mwezini yenye upana wa kilomita mbili hivi hewa ikitulia, na huo ni ufundi wa kukuchukua miaka kuumaliza. Kilichokuangusha ni usiku uliouchagua, saa uliyoichagua, na kamera kuachiwa iamue mwanga yenyewe.

Nianze na usiku, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwezi mpevu ni mzuri kwa macho na kwa mashairi, lakini kwa darubini ni usiku mbaya kuliko yote. Wewe ni mpiga picha, utanielewa upesi: siku ile jua linakuwa nyuma yetu na linaumulika mwezi usoni moja kwa moja, sawa na flashi iliyofungwa juu ya kamera. Kivuli hakuna, na bila kivuli mlima na bonde havitofautiani. Unachotaka ni mwanga wa ubavuni. Mwezi ukiwa nusu, tazama ule mstari unaotenganisha upande wenye mwanga na upande wa giza. Pale mwezini ndipo jua linachomoza, na kila ukingo wa shimo unatupa kivuli kirefu. Picha zote za mwezi zilizowahi kukufanya usimame kuzitazama, nakuhakikishia nyingi zilipigwa kwenye mstari ule.

Kwa hiyo hesabu tangu mwezi uandame. Siku ya nne hadi ya kumi au kumi na moja ndiyo wiki yako, na katikati yake, siku ya saba na ya nane, ndiyo minofu yenyewe. Usiku wa mwezi mpevu rudi harusini.

Sasa saa. Mwezi unapochomoza baharini, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi mara zaidi ya thelathini kuliko ukiwa utosini, tena hewa yenye unyevu, chumvi na joto la ufukweni. Ndiyo maana ukingo wake unachemka na rangi inakuwa ya machungwa. Ile picha ya mwezi ukitoka nyuma ya mashua ni ya lenzi yako ya milimita 200, na nakushauri uendelee kuipiga kwa hiyo lenzi. Darubini isubiri mwezi upande juu.

Na hapa watu wa kusini tuna bahati ambayo hatuisemi. Lindi na Mtwara ziko kwenye nyuzi 10 kusini ya ikweta. Mwezi nao unatangatanga kaskazini na kusini, usizidi nyuzi 28 na nusu hivi kila upande. Piga hesabu: hata usiku ule unaokuwa mbali nasi kuliko yote, ukifika katikati ya safari yake unapita zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo, na mara nyingi unapita karibu na utosi. Mtu aliye London kuna majira anauona ukipita nyuzi 10 tu juu ya mapaa ya majirani, na bado anapiga picha nzuri. Sisi tunaletewa mwezi kwenye hewa safi, tunalalamika darubini ni ndogo.

Nusu mwezi wa kwanza unafika juu kabisa wakati jua linazama, halafu unashuka magharibi na kutua karibu na saa sita usiku. Maana yake muda wako bora ni tangu Magharibi hadi saa mbili usiku. Hauhitaji kukesha. Toa darubini nje nusu saa mapema ili kioo kipoe kilingane na hewa ya nje, kwa sababu kioo chenye joto la chumbani kinachemsha picha kutoka ndani ya bomba. Unaweza hata kufanya mazoezi saa kumi na moja jioni, mwezi ukiwa tayari juu na anga bado ya buluu.

Ila kabla ya mazoezi ya mchana, sikiliza hili. Darubini isielekezwe juani hata kwa sekunde moja, wala kidarubini kile kidogo cha kulengea. Jicho linaungua pale pale na halirudi. Kama kwenye boksi lako kuna kichujio cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kuangalizia, kimeandikwa ni cha jua, kitupe. Kinakaa mahali ambapo joto lote la jua linakusanyika, na kinaweza kupasuka ukiwa umeweka jicho. Na watoto wa mtaani wakikuzunguka, usiache darubini peke yake jua likiwa bado lipo.

Anza na simu. Najua una DSLR nzuri na simu unaiona ya kuchezea, lakini simu itakufundisha kulenga, kukaza na kupima mwanga bila matatizo ya uzito. Weka lenzi ya 25. Kwa darubini yako hiyo ni ukuzaji wa mara 36 (900 gawa kwa 25), na mwezi mzima unaingia kwa nafasi. Kwanza kaza kwa jicho lako. Kisha leta simu, ile kamera yake kuu na siyo ya zuum, juu ya lenzi. Utaona kivuli cheusi kikicheza pembeni. Hiyo ni dalili kwamba simu iko mbali mno, karibu mno au imekaa upande. Sogeza kidogo kidogo hadi duara lijae. Kwa mkono utapata picha moja kati ya ishirini, ndiyo maana nimesema kishikio kinunue. Ukikosa, kava ya zamani ya simu na kipande cha bomba la plastiki linaloingia sawasawa kwenye lenzi, ukivigundisha vizuri, vinafanya kazi ile ile.

Mwezi ukiwa kwenye kioo cha simu, gusa na ushikilie kidole juu yake hadi fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha mwanga kwa ile alama ya jua. Shusha mpaka upande wenye mwanga uwe wa kijivu na siyo mweupe. Hapo ndipo lilipo duara lako jeupe: simu inaona giza kubwa na kidoa kidogo cha mwanga, inadhani ni usiku, inaongeza mwanga kwa nguvu. Ukweli ni kwamba ule ni mwamba uliosimama kwenye jua kali la mchana, na unapigwa kama kitu cha mchana. Usiguse kitufe, tumia taima ya sekunde tatu au kitufe cha sauti cha earphone. Na uzime ile akili ya simu inayotambua kuwa hapa kuna mwezi. Baadhi ya simu hujazia mambo ambayo lenzi haikuyaona, na sidhani kama ulinunua darubini ili simu ikuchoree.

Ukishazoea, weka ya 10, mara 90, mwezi utajaza duara lote. Ile ya 4 iweke kabatini. Ni mara 225, ambao kwa kioo chako ndio mwisho wa uwezo, na lenzi za 4 zinazokuja na darubini za bei hii mara nyingi hazina maana. Picha kubwa yenye ukungu haina faida kuliko ndogo iliyokaza.

Sasa DSLR. Fokasi yako inagota kwa sababu inayojulikana kwa darubini nyingi za kioo za aina hii. Zimetengenezwa kwa ajili ya jicho. Mahali picha inapokutana pako juu kidogo tu ya bomba la fokasi, wakati kihisi cha kamera yako (kile kinachopokea picha) kimezama ndani ya mwili wa kamera, milimita 44 au 46 nyuma ya pale lenzi inapofungwa. Bomba linatakiwa liingie ndani zaidi na halina tena pa kwenda. Wako watu wanaosogeza kioo kikuu mbele kwa skrubu ndefu. Inawezekana, lakini usianze mwaka wa kwanza kwa kufungua darubini.

Njia rahisi unayo tayari, ni ile Barlow. Kazi yake ni kukuza, lakini pia inasukuma mahali pa kukaza picha kwenda nje, kamera inapata nafasi. Utahitaji ringi ya T (pete ya kuunganishia kamera na darubini) ya aina ya kamera yako na kipande cha pua ya inchi 1.25 cha kuingia kwenye Barlow. Bila Barlow, mwezi kwenye kihisi chako ungekuwa na upana wa milimita 8 hivi (gawa urefu wa fokasi kwa 110 utapata jibu hilo kwa darubini yoyote). Kwa 2x unakuwa 16, na kwa kamera mara nyingi inazidi hapo kwa sababu kihisi kinakaa mbali zaidi na Barlow kuliko lenzi ya kuangalizia. Kihisi cha DSLR nyingi za kawaida ni milimita 22 kwa 15. Mwezi mpevu hautaingia. Nusu mwezi utaingia ukizungusha kamera ili ule mstari wa kivuli ulale na upande mrefu wa fremu. Usipoingia, piga vipande viwili uviunganishe.

Kwa mwanga, tumia M (unapanga mwanga mwenyewe) na RAW (faili ghafi ya picha). Kanuni ya zamani ni kwamba mwezi mpevu kwa f/11 (kipimo cha tundu la lenzi) unataka shata iliyo sawa na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga): ISO 100, sekunde 1/100. Darubini yako na Barlow ni f/16 hivi. Kwa nusu mwezi, ambao uso wake ni hafifu zaidi hasa karibu na mstari, anza na ISO 400 na 1/80, tazama histogramu (ule mchoro wa mwanga wa picha), panda au shuka. Usishuke chini ya 1/30. Siyo kwa sababu ya mkono wako, bali anga lenyewe linazunguka: mwezi unasogea upana wake wote kwa dakika mbili na ushee, na kwa ukuzaji huu 1/15 tu inatosha kulainisha vitu vidogo.

Mtikisiko ndio adui mkubwa kwenye stendi hizi. Usivute miguu ya stendi hadi mwisho. Ifupishe, ukae kwenye ndoo au mkeka. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati. Piga kwa live view (kutazama kwenye skrini ya nyuma) ili kioo cha ndani ya kamera kiwe kimeshanyanyuka, na taima ya sekunde 10, siyo 2, maana ukigusa darubini hii inachukua sekunde kadhaa kutulia. Sogeza na uzito wa kusawazisha, kamera imeongeza mzigo mbele. Kukaza, kuza live view mara 10 kwenye mashimo ya karibu na mstari, geuza fokasi kidogo, achia mkono, tazama, rudia. Jipe dakika tano kwa hilo peke yake. Wapiga picha wa harusi mna haraka.

Halafu ile stendi. Ni ya kufuata mzunguko wa anga, na mhimili wake mkuu unatakiwa uelekee kusini, uinuke kwa nyuzi sawa na mahali ulipo, yaani 10. Watengenezaji wengi walimfikiria mtu wa Ulaya mwenye nyuzi 40 au 50. Ukiushusha hadi 10, mara nyingi chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi. Zungusha miguu ili upande wa kusini kuwe na uwazi kati ya miguu miwili badala ya mguu. Ikigoma bado, usilazimishe skrubu. Weka mwezi ukingoni mwa fremu upande unaotokea, achia, na upige picha mfululizo wakati unapita wenyewe. Kwa shata ya 1/80 huhitaji zaidi.

Kuhusu mahali, usipige juu ya mapaa ya mabati. Bati lililopigwa jua tangu asubuhi linatoa joto masaa kadhaa baada ya Magharibi, na hewa juu yake inacheza. Sakafu ya saruji vivyo hivyo. Kiwanja cha nyasi au mchanga, nyumba ikiwa nyuma yako upande wa mashariki, ni bora. Mwezi wako wa jioni uko juu na unaelekea magharibi, kwa hiyo bahari huihitaji. Kiangazi chetu, Mei hadi Oktoba, ndicho chenye anga wazi, lakini kusi la Juni na Julai linatikisa bomba refu kama lako. Jikinge na ukuta. Kuanzia Agosti na Septemba watu wakichoma mashamba, moshi unapunguza mwanga ila hewa ya jioni huwa imetulia, na mimi napenda picha za majira hayo. Ukiwa na ndugu Newala, ipeleke darubini huko likizo: juu ya uwanda wa Makonde hakuna chumvi ya bahari.

Cha kupiga? Siku ya tano au sita tafuta mashimo matatu yaliyopangana, Theophilus, Cyrillus na Catharina. Theophilus lina upana wa kilomita 100 na mlima katikati, na ukiangalia vizuri utaona limekula ukingo wa Cyrillus, maana yake ni jipya kuliko jirani yake. Bahari ya Utulivu iko pale pale, ambako Apollo 11 ilitua tarehe 20 Julai 1969. Watakuuliza kama bendera inaonekana. Hapana, hakuna darubini ya duniani inayoiona. Siku ya nane tazama milima ya Apennine ikitupa vivuli uwandani, na upande wa kusini Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel yakiwa mstari mmoja. Siku ya tisa na kumi ni zamu ya Copernicus. Lile shimo moja, kilomita 93, linakaribia safari ya kutoka kwako Lindi hadi Mtwara, na kuta zake zimeporomoka kwa ngazi ambazo darubini yako inazionyesha moja moja. Ningekuwa na usiku mmoja tu kwa mwezi, ningeuweka hapo.

Usishangae ramani za mtandaoni zikikukataa. Nyingi zimechorwa kwa mtu wa kaskazini aliyesimama akitazama kusini, kumbe kwetu mwezi wa jioni unalala chali. Darubini ya vioo viwili nayo inaupindua juu chini. Zungusha ramani mpaka ilingane, basi. Haigeuzi kushoto kuwa kulia, kwa hiyo usiibonyeze picha kuigeuza kioo.

Siri ya picha kali za mtandaoni ni wingi. Hewa inacheza muda wote, lakini kuna nukta inatulia. Piga picha hamsini au mia za sehemu ile ile, au video ya dakika moja, kisha kompyuta ichague zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine. Programu ya AutoStakkert inafanya kazi hiyo kwenye Windows, bure; chagua asilimia 10 hadi 20 bora. Video za DSLR huwa haizipokei zilivyo, zipitishe kwanza kwenye programu ya PIPP. Nyingine, RegiStax, inatoa makali mwishoni. Hapo jizuie. Ukiona mstari mweupe umezunguka ukingo wa mwezi, umeshapitiliza, rudi nyuma.

Fangasi wa lenzi unawajua kwa hali ya hewa yetu. Hifadhi darubini imefungwa na vifuko vya silica vya kunyonya unyevu, na kioo kikuu usikifute hata kikiwa na vumbi.

Nirudi kwenye mota. Kwa mwezi wa kawaida huihitaji. Inaanza kuwa na maana siku ya kupatwa kwa mwezi, kwa sababu mwezi ukizama wote kwenye kivuli cha dunia unafifia kiasi kwamba utataka sekunde moja au zaidi hata kwa ISO 1600, na sekunde moja bila kufuata ni mchirizi. Kupatwa kamili kutakakoonekana kwetu mapema usiku kuna tarehe 31 Desemba 2028, kati ya saa moja na robo na saa mbili na nusu usiku hivi, mwezi ukiwa bado chini upande wa kaskazini-mashariki, yaani juu ya maji kwa mtu wa Lindi. Ni majira ya mvua, kwa hiyo mawingu yanaweza kutunyima. Mota nunua mwaka huo, ukishajua kuweka mhimili kwenye nyuzi 10 gizani bila kutukana.